Amu, Malindi, Mombasa au bara: akasome wapi mtoto?

Matokeo ya Gredi ya 9 yakitoka, simu yangu hailali. Mimi si mwalimu. Nimezaliwa Langoni, mtaa wa mji wa Amu kule Lamu, nimeolewa Malindi, na watoto niliowasindikiza shule za bweni, wangu na wa ndugu zangu, sasa wametimia saba. Ndiyo maana jamaa hunipigia: "Shangazi, huyu naye? Abaki hapa Amu, aje huko kwako, aende Mombasa, au tumtupe bara?" Hilo neno "tumtupe" silijibu, ila nalisikia.

Swali lenyewe si geni, lakini Januari 2026 lilipata uzito mwingine, kundi la kwanza la mtaala mpya lilipoingia Gredi ya 10. Zamani zilikuwa alama za KCPE, mtihani wa darasa la nane, na bahati. Sasa mtoto anachagua mkondo, halafu anajaza shule 12, tisa za bweni na tatu za kutwa karibu na kwao. Shule zimepangwa kwa herufi na nambari, C1 hadi C4: C1 ni zile zilizokuwa za kitaifa, C4 ni zile za kaunti ndogo. Nafasi inategemea hesabu ya vitu vitatu: asilimia 60 mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9, 20 mtihani wa Gredi ya 6, na 20 kazi alizofanya Gredi ya 7 na ya 8. Mzazi aliyesoma enzi za alama 500 akiiona fomu hiyo huishia kuuliza jambo moja tu: eneo gani lina shule nzuri?

Nitayalinganisha maeneo manne kama nilivyoulizwa. Ila niseme mapema ninavyoona: eneo halifundishi. Anayefundisha ni mwalimu aliyemo darasani Alhamisi saa nane mchana, jua likiwaka. Kuna maeneo ambako huyo mwalimu hupatikana kwa urahisi, na mengine ambako hupatikana kwa tabu. Tofauti kubwa ya maeneo iko hapo.

Mizani ninayotumia

Napima mambo sita: walimu, safari na usalama, fedha, matokeo, mikondo na maabara, kisha dini na malezi. Jina la shule halimo. Jina ni la waliosoma zamani, na mtoto wako anasoma leo.

Tena tusidanganyane kuhusu hayo maeneo yenyewe. Tunaposema "Lamu" tunachanganya mji wa Amu na kisiwa cha Pate chenye Faza na Kizingitini, Mpeketoni ya wakulima, na vijiji vya Waboni vya wadi ya Basuba. Hivyo ni vitu vinne. Kaunti nzima ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019. Kilifi, ambamo Malindi imo, ilikuwa na watu 1,453,787, mara kumi. Huko nako Malindi mjini na vijiji vya ndani vya Magarini au Ganze havifanani hata kidogo. Mombasa ni mji. Na "bara" ni neno tunalolitumia ovyo: mtu akisema bara anafikiria Alliance, Mang'u au Maseno, hafikirii shule ya kutwa ya kijijini kule kule Kiambu ambayo haina maabara wala maktaba. Zipo nyingi.

Walimu

Lamu ndiko mizani inakoyumba zaidi. Walimu wengi wa sekondari hutoka bara, na TSC, tume inayowaajiri walimu, huwalipa marupurupu ya mazingira magumu ili wakubali kuja. Wanakuja, lakini kukaa ni jambo jingine. Baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 wengi waliomba uhamisho. Shule za Waboni kama Basuba, Mangai na Milimani zilifungwa, watoto wakapelekwa bweni la Mokowe Arid Zone. Mtoto aliyepoteza miaka miwili ya darasa la chini hairudishi kwa kuchapwa kiboko Gredi ya 9. Pengo lile bado linaonekana kwenye matokeo ya kaunti nzima, na watu wa mbali huliona wakasema watoto wa visiwani ni wavivu.

Lakini Lamu ina faida yake. Shule ni ndogo. Mwalimu aliyeamua kukaa, hasa mzaliwa, anamjua mtoto, anamjua babake, anajua mashua ya nyumba ile ilirudi tupu wiki hii. Mwaka 2018 TSC ilianza kuwahamisha walimu wafundishe mbali na kwao, na sera hiyo ikaachwa 2022. Tangu hapo baadhi ya wenyeji wamerudi. Nikipata shule ya Lamu yenye walimu watatu au wanne wazaliwa wa masomo ya sayansi, mimi huipa nafasi sawa na shule yoyote.

Malindi walimu wanapenda kuishi. Kuna soko, kuna hospitali, kuna nyumba za kupanga. Basi hawahami sana. Tatizo ni msongamano: mwalimu mmoja, madawati yamebanana, na daftari kusahihishwa ni kwa zamu. Ukitoka mjini ukaelekea ndani, saa moja tu ya pikipiki, hali inageuka kuwa kama ya Lamu bila bahari.

Mombasa ina walimu wengi kuliko zote za Pwani, wa serikali na wa shule za kibinafsi. Hizi za kibinafsi ziangalie vizuri. Zipo zenye walimu imara, na zipo ambazo mwalimu ni kijana anayesubiri barua ya TSC. Ikija, anaondoka katikati ya muhula.

Shule kubwa za bara zina kitu ambacho huku hatuna: idara. Fizikia si mwalimu mmoja, ni watatu au wanne, akiugua mmoja somo halisimami. Hilo peke yake linaeleza sehemu kubwa ya matokeo yao. Kumbuka tena, ni shule kubwa ninazozungumzia.

Namna ya kujua bila kuuliza: mwombe mwanafunzi wa pale akuonyeshe daftari lake la Kemia. Usisome alichoandika, tazama tarehe. Nimewahi kufungua daftari la shule moja, mwezi wa Februari una tarehe tatu. Mwalimu mkuu alikuwa ameniambia silabasi imekwisha. Ukipata nafasi ya swali moja ofisini, uliza mwalimu wa Hisabati ni wa TSC au wa BOM, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule, na ana mwaka wa ngapi pale.

Safari na usalama

Aliye Amu akisoma Amu anatembea kwa miguu vichochoroni, basi. Aliye Faza au Kizingitini tayari ana bahari katikati, na kusi ikikaza boti huchelewa au haziendi. Kwa hiyo hata shule ya "kwetu Lamu" inaweza kuwa ya bweni kwa mtoto wa kisiwani, na mzazi apige hesabu ya bweni.

Barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu sasa ina lami, na safari imekuwa nyepesi mno kuliko zile za matope tulizozizoea. Hata hivyo kwa miaka kadhaa mabasi yamelazimika kwenda mchana, kwa msafara wenye polisi. Mtoto wa Amu anayesoma Malindi anavuka kwa boti hadi Mokowe, anapanda basi, anafika siku hiyo hiyo. Malindi hadi Mombasa ni kilomita kama 120. Ukimpeleka Nairobi au zaidi ya hapo, hesabu siku mbili na mahali pa kulala, hata kama kuanzia Mombasa atapanda gari moshi la Madaraka. Ukimpeleka Nandi au Kisumu, siku ya kufungua shule inaanza juzi yake.

Usalama lakini hauko barabarani tu. Septemba 2024 moto wa bweni ulichukua watoto 21 katika shule ya Endarasha, Nyeri. Tangu siku hiyo, nikizuru shule ya bweni yoyote, ya Pwani au ya bara, naomba kuona wanapolala kabla sijaonyeshwa vikombe vya michezo. Madirisha yasiwe na nondo. Milango ifunguke kwa nje. Kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2. Shule inayokataa mzazi asione bweni imeshajibu.

Hili la moto halina eneo. Vitanda vilivyobanana nimeviona Mombasa, nimeviona Malindi, nimeviona bara katika shule yenye jina kubwa kuliko zote nilizozikanyaga.

Fedha

Hapa watu wengi hudhani tofauti ni kubwa kuliko ilivyo, na wanaitafuta pasipo. Karo rasmi ya bweni katika shule kubwa za serikali ni shilingi 53,554 kwa mwaka, na nyingi za ngazi ya chini hulipisha 40,535. Tofauti ni 13,019. Si haba, lakini sicho kinachomaliza mzazi. Shule ya kutwa haina karo ya masomo, serikali hutoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, zikichelewa au zisipochelewa, na mzazi analipa chakula cha mchana na sare.

Kinachommaliza mzazi wa Amu ni nauli. Mihula mitatu ni safari sita. Ongeza mapumziko ya katikati ya muhula wa kwanza na wa pili, ambayo shule hufunga mabweni upende usipende, zinafika 10. Mwaka wa kwanza mtu mzima lazima amsindikize, kwa hiyo safari ya kwanza zidisha kwa watu wawili, na mmoja arudi. Siku ya wazazi kila mwenzake ana mtu na pilau, wake yuko Kizingitini anasubiri maji yajae. Tulipomwandikisha mpwa wangu bara, mwaka wa kwanza nauli na malazi yalikaribia nusu ya karo. Sikuamini mpaka nilipofungua daftari langu la matumizi.

Kuna dawa ya sehemu ya tatizo hilo. Mapumziko ya katikati ya muhula mtoto anaweza kwenda kwa jamaa aliye karibu na shule. Kabla ya kuchagua eneo, chukua kalamu uandike jamaa wako wanakaa miji gani. Ami yake aliye Nakuru ni hoja nzito ya kuchagua Nakuru, kuliko orodha yoyote ya matokeo. Mradi huyo ami aulizwe mapema, asishtukizwe na sanduku mlangoni.

Basari hufuata mzazi anakoishi. Pesa za wadi na za NG-CDF, mfuko wa maeneo bunge, za Lamu zitamlipia mtoto wa Lamu hata akisoma Meru, ila fomu zijazwe nyumbani, kwa wakati, na mtu awe pale wa kuifuatilia. Mwenye alama za juu na hali ngumu asiukose ufadhili wa Elimu wala wa Wings to Fly. Hizo hubeba karibu kila kitu, na zinageuza hesabu yote niliyoiandika hapa juu. Shule ya Starehe ya Nairobi nayo tangu 1959 imejulikana kwa kuwachukua wenye akili wasiojiweza.

Shule za kibinafsi za Mombasa na Malindi siwezi kuzitia bei moja, zinatofautiana kama mchele wa sokoni. Uliza bei ya mwaka mzima, si ya muhula, na uliza nini hakimo.

Matokeo

Kila mwanzo wa mwaka orodha ya "shule bora" huzunguka kwenye WhatsApp. Wizara iliacha kutangaza orodha za namna hiyo, hizo unazoziona zimekusanywa na watu. Si lazima ziwe uongo. Lakini zinapima kitu kisichokuwa kile unachodhani.

Mtihani wa KCSE, ule wa mwisho wa sekondari, wa 2024 ulikuwa na watahiniwa 962,512, na waliopata C+ kwenda juu, yaani waliofuzu kwenda chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa 246,391. Mmoja kwa wanne. Sasa chukulia shule mbili. Ya kwanza iko bara, imepokea watoto waliokuwa na alama 400 za KCPE, na inatoa B kwa wastani. Ya pili iko Lamu, imepokea wa alama 230, inatoa C. Orodha itaiweka ya kwanza juu, ya pili chini kabisa. Mimi nitauliza mtoto aliingiaje na ametokaje. Aliyetoka 230 akafika C amepandishwa. Aliyetoka 400 akafika B huenda hajaongezwa chochote, amelindwa tu asishuke.

Mitihani ya KCSE itaendelea hadi 2027, kundi la mwisho la 8-4-4, mtaala wa zamani, litakapomaliza, kwa hiyo mzazi wa Gredi ya 10 kwa sasa anasoma matokeo ya mtaala ambao si wa mtoto wake. Yachukue kama dalili ya nidhamu na walimu, usiyachukue kama unajimu.

Kwa ujumla wa maeneo, ukweli ni huu: wastani wa Lamu na wa Kilifi umekuwa ukibaki nyuma ya kaunti za Mlima Kenya na za Bonde la Ufa, na Mombasa iko katikati. Chanzo kinaanza chini mno. Utafiti wa shirika la Uwezo wa miaka ya 2010 ulikuta takriban watoto watatu tu kati ya 10 wa darasa la tatu nchini waliweza kazi ya darasa la pili, na kaunti kame na za pembezoni zikawa nyuma zaidi. Kumhamisha mtoto Gredi ya 10 hakuondoi aliyoyakosa Gredi ya 3. Mwenye mtoto mdogo bado anayo nafasi ya kulishughulikia, nayo haiko bara, iko mezani kwake saa moja jioni na kitabu cha hadithi.

Neno dogo kuhusu Kiswahili. Watu wa bara hutuambia watoto wetu "wana Kiswahili bure". Hawana. Mtoto wa Amu anasema ndia na mai, mtahini anataka njia na maji. Mwalimu mmoja mgeni alipofika kisiwani, watoto walimwita "ndoo, ndoo!", yaani njoo kwa Kiamu, naye akaenda kutafuta ndoo ya maji. Tulicheka mwaka mzima. Lakini mtoto yule yule aliyekuwa akimwita, insha yake ilirudi nyekundu, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyedhani Kiswahili ni somo la kujifunza.

Mikondo na maabara

Mikondo ni mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Si kila shule inayo yote. Shule kubwa za bara na chache za Mombasa zina mitatu. Nyingi za ngazi ya chini zina miwili, kwa kawaida STEM na sayansi ya jamii. Hisabati kila mtoto anasoma, kamili kwa wa STEM na ile ya msingi kwa wengine.

STEM kwenye karatasi haina maana kama maabara ni chumba cha kuhifadhia viti. Hapo bara na Mombasa wako mbele kwa wazi. Malindi mjini ni nusu kwa nusu. Lamu zipo maabara nzuri, zikikosa mtu wa kuziendesha au kemikali zilizokwisha muhula uliopita.

Sanaa na michezo ni hadithi nyingine, nami naisikitikia. Kama kuna mahali ambapo mtoto angesomea uchongaji, muziki wa ala, ushairi, basi ni Amu, mji uliotiwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2001 kwa ajili ya milango na majumba ya watu wake. Mafundi wapo barazani. Mkondo ndio adimu. Mtoto wa kipaji hicho mara nyingi itabidi aondoke kwenda kusomea mbali kile ambacho babu yake anakijua.

Dini na malezi

Hapa ndipo wazee hukaa kimya mkutanoni kisha wakapiga simu usiku.

Hofu yao ina historia. Shule za mwanzo za bara, Maseno 1906, Mang'u 1925, Alliance 1926, zilikuwa za wamishonari, na wazazi wa Pwani waliziogopa kwa sababu hiyo. Kupeleka mtoto shule ilikuwa karibu sawa na kumpeleka kanisani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliwakemea watu wake kuhusu kulala nyuma, akaandika katika gazeti lake Al-Islah la 1932 kuhimiza elimu ya dunia ishikane na ya dini. Kutochagua pia kulikuwa na gharama, na sisi wajukuu ndio tunailipa kwenye jedwali la wastani.

Leo mambo ni mengine. Amu chuo na madrasa ziko hatua chache, msikiti wa Riyadha uko pale pale, mtoto anasoma zote mbili bila kupanda gari. Malindi vivyo hivyo, ingawa mji una mambo yake: ufuo, watalii, vijana wa bodaboda wanaomwonyesha mvulana wa miaka 15 kwamba pesa hupatikana bila cheti. Nimeona wavulana watatu wa mtaa mmoja wakipotea hivyo, na shule yao haikuwa mbaya. Mombasa ina shule zilizounganisha masomo ya serikali na ya dini chini ya paa moja. Kwa familia nyingi za Lamu hapo ndipo roho hutulia. Ina na mihadarati yake, lakini hata Amu inayo, tusijifanye.

Bara inategemea shule, na hasa inategemea mwalimu mkuu. Kuna shule zenye asili ya kanisa zinazowapa Waislamu chumba cha kuswalia na daku ya Ramadhani bila mzozo. Kuna zisizotaka kusikia. Kuhusu hijabu, Mahakama ya Rufaa iliruhusu mwaka 2016, Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019, kwa hiyo usitegemee sheria ikusemee, omba jibu la maandishi kabla ya kulipa. Mpwa wangu mmoja aliitwa "Mwarabu" na wenziwe tangu wiki ya kwanza, akawa haombi chakula cha ziada, hasemi darasani, alama zikaporomoka. Tulimhamishia Mombasa mwaka wa pili akafufuka. Mdogo wake alienda bara vilevile, shule nyingine, akawa kiranja na anacheza raga. Damu moja, nyumba moja.

Mtoto gani, wapi

Ikiwa mtoto alama zake ni za wastani, ana mwalimu mmoja au wawili wanaomshika mkono, na mzazi yupo nyumbani jioni, Lamu inatosha, na nauli aliyoiokoa inaweza kulipia masomo ya ziada ya likizo. Wa kisiwani anayehitaji bweni bila kuvuka kaunti atazame Amu na Mpeketoni kabla ya kutazama mbali.

Malindi inafaa familia yenye jamaa wa kumlaza mtoto na kumhoji "ulikuwa wapi" saa kumi na mbili jioni. Bila jamaa, mvulana mwenye papara simpeleki kutwa Malindi. Bweni la Malindi au Kilifi ni salama zaidi kwake.

Mombasa ni ya anayetaka sayansi na dini pamoja, na ya mzazi anayeweza kufika shule akiitwa asubuhi na akawa ameshafika jioni. Pia ni ya mtoto mwenye ulemavu: Likoni kuna shule ya wasioona, Port Reitz ya wenye ulemavu wa viungo, na kwa viziwi Kibarani iko Kilifi. Mtoto wa aina hiyo usihangaike na C1 wala C4, tafuta kwanza palipo na mwalimu aliyesomea mahitaji yake.

Bara nampeleka mwenye alama za juu, anayeshindana, anayelala vizuri ugenini, mwenye ufadhili au mwenye ami kule, na ambaye mwenyewe amesema anataka. Wa mwisho huyo muulize bila babake kuwapo. Msichana anayeogopa, mvulana wa kulia usiku akiwa na miaka 15, abaki Pwani kwa Gredi ya 10. Uhamisho baadaye upo, ingawa ni wa kuhangaikia nafasi.

Ikiwa umepangiwa shule usiyoichagua, usikimbilie kubadilisha siku ya kwanza. Nenda ukaione. Beba daftari, tazama tarehe za Kemia, tazama nondo za dirisha, onja maharagwe. Na usiende siku ya wazazi, siku hiyo kila shule imepakwa rangi. Nenda Alhamisi, saa nane mchana.